Chumba cha Watu Wawili, Mwezi wa Nne

Benchi letu lipo Vällingby, kwenye uwanja wa maduka, hatua chache kutoka mlango wa treni ya chini ya ardhi. Hatukulichagua kwa uzuri. Ukuta linaouegemea unatoa joto kidogo, sijui nyuma yake kuna jiko la nani, Mungu ambariki, na mwezi Machi mjini Stockholm mtu akikupa joto humwulizi jina. Kila Jumamosi tangu saa nne asubuhi tunakaa pale kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Mimi ndiye mwenye chupa ya chai, ambayo ndani huwa na kahawa. Kulia kwangu hukaa Thomas, tunamwita Waziri, kwa sababu mwaka sitini na nane alimfungulia waziri mmoja mlango wa gari pale Dar es Salaam, na mpaka leo hajaufunga. Kushoto ni Wambura, mtu wa Musoma, fundi wa breki za treni, kwa hiyo Breki, ingawa mdomo wake haujafungwa hata moja. Anayefuata ni Domina wa Bukoba, mpishi wa hospitali, ambaye hana jina la utani. Aliyejaribu kumpa alinyimwa maandazi mwezi mzima. Na mwisho kabisa, pale benchi linapopoa, hukaa Samwiri, Mganda, mkimbizi, dobi wa mashuka ya hospitali. Tunamwita Bwana Harusi. Jina hilo tulimpa kwa kucheka, kisha kicheko kikaisha jina likabaki.

Ilikuwa hivi. Mwaka sabini na mbili, siku ya tisa ya ndoa yake, askari walipogonga mlango wa mbele, Samwiri alitokea dirisha la nyuma. Mkewe Namubiru, mkunga, alibaki kuwafungulia polepole ili mumewe apate kufika kwenye migomba. Tangu siku ile hawajaonana. Miaka miwili na nusu.

Basi mwezi Januari mwaka huu wa sabini na tano ikaja barua, ukurasa mmoja, kwa Kiganda. Samwiri ametusomea mara nyingi hata sisi tusiojua Kiganda tunaweza kuiimba. Inasema: mwezi wa nne, maua ya Wajapani yakichanua, tutapelekwa mafunzo ya wakunga mji wa Kyoto, siku kumi. Njoo hata kwa siku tatu. Usitafute hoteli ya ghorofa. Tafuta nyumba ya wageni ya kikwao, ya kale, iliyo nzuri kuliko zote, tukae kama watu. Mama anakusalimu. Basi.

Samwiri ana ruhusa ya kazini. Ana muhuri wa Wajapani kwenye kitabu chake cha mkimbizi. Ana tikiti. Kilichobaki ni nyumba. Ofisi ya safari iko ng'ambo ya uwanja, tunaiona kioo chake tukiwa tumekaa, na Jumamosi hufunga saa nane. Yule bibi wa ofisi amempa fomu na kitabu cha picha, akamwambia achague moja kati ya tatu, teleksi iende Japani leo, la sivyo maua yatawachanulia wengine.

Mimi: Haya, wajumbe, saa sita na robo. Mtu anachaguliwa nyumba. Vikombe mbele.

Waziri: Nionyeshe picha tena. Hii ya kwanza?

Samwiri: Hii ina bafu yake ndani. Ya mbao. Maji ya moto yanatoka mlimani.

Domina: Mawe, mama yangu! Pipa la kukaa watu wawili.

Samwiri: Ya pili ina bustani. Na chakula sahani kumi na nne.

Breki: Na hii ya tatu?

Samwiri: Ya tatu ni nyumba ya miaka mia mbili. Chumba kimoja tu kimebaki. Cha mbele. Kinatazama lango na barabara.

Breki: Tupa! Uvuke dunia nzima, ulipie nyumba ya kifalme, halafu ukae unatazama barabara? Barabara si hii hapa?

Tukaitupa ya tatu. Kura nne kwa sifuri. Bwana Harusi hakupiga kura. Alikuwa anaifuta picha matone ya kahawa kwa kidole.

Waziri: Sasa tuingie kwenye siasa ya jambo. Humu wanasema kuta ni za karatasi.

Samwiri: Karatasi, ndiyo.

Waziri: Wewe ni mkimbizi wa siasa. Mkeo ametoka na wenzake, na katika wenzake lazima kuna mmoja ametumwa. Ukuta wa karatasi, bwana! Ukikohoa, Kampala wanajibu "pole".

Domina: Mwache mtu apumue, Thomas.

Waziri: Sijamaliza. Nimelala nikilifikiria. Ukuta wa karatasi ndio salama kuliko wa zege! Kwa nini? Anayesikiliza nyuma ya zege humwoni. Anayesikiliza nyuma ya karatasi, taa ikiwaka, unamwona kivuli chake, masikio yote mawili, hata ndevu. Ndiyo wazee wakasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Mimi: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Waziri: Imeingia kwa mlango. Wewe endelea kumimina.

Breki akavuta blanketi la kazini kwenye magoti. Aliponusa kikombe nikajua kuna hotuba.

Breki: Mimi hoja yangu ni viatu. Soma pale. Mgeni anavua viatu mlangoni, mwenye nyumba anavichukua, anavificha kwenye kabati. Mnaelewa maana yake? Huyu bwana kilichomwokoa ni miguu. Usiku ule ulikuwa na viatu, Bwana Harusi?

Samwiri: Kimoja.

Breki: Kimoja! Na alifika Nairobi! Leo anakwenda kumpa mgeni asiyemjua vyote viwili. Mtu aliyewahi kukimbia asilale mahali ambapo mwingine ndiye anayejua viatu vyake viliko.

Domina: Mjapani amfanyie nini?

Breki: Mjapani hana neno. Nasema utaratibu. Treni nzuri hutaiamini kwa rangi, unaiamini kwa breki. Achague nyumba yenye mlango wa nyuma, na viatu alale navyo chini ya mto.

Samwiri: Mto wao umejaa maganda ya nafaka.

Breki: Ona! Hata mto ni wa kufugia panya!

Tukacheka, Samwiri naye kidogo. Anacheka kama mtu anayeazima kitu na kuogopa kukiharibu. Niwaambie jambo kuhusu huyu ndugu. Alipofika hapa hakuongea nasi miezi mitatu. Tukadhani ana maringo. Siku moja akasema: "Kwetu Kiswahili nilikijua kwa maneno mawili ya askari, 'simama' na 'toa'. Ni hapa kwenye benchi nimesikia mtu anakitumia kumuuliza mwenzake kama amelala vizuri." Tangu siku hiyo Breki, na ukali wake wote, haanzi neno bila kumuuliza amelalaje.

Mimi: Nami mtu wa Tanga nina neno. Ninyi mnaangalia karatasi na viatu, hamwoni kilicho mbele ya macho. Hii si hoteli. Hii ni fungate.

Breki: Fungate ndiyo nini kwa sisi wa bara?

Mimi: Siku saba baada ya arusi. Bwana na bibi hawatoki ndani. Wanaletewa chakula, wanaogeshwa, wanavishwa nguo nyepesi, wanatandikiwa, hawashiki hata ufagio. Haya, soma kitabu cha Mjapani: hutoki ndani, chakula unaletewa, bafu tayari, kanzu wamekuwekea, jioni mama mtu mzima anakuja anapiga magoti anakutandikia godoro. Yule mama ni somo, kungwi wa bibi arusi, nyie! Wajapani walipita Tanga!

Domina: Au Tanga ilipita Japani.

Mimi: Vyovyote. Hoja ni kwamba hawa walikaa pamoja siku tisa tu, na hizo tisa walikuwa wanahamisha vyombo. Wanadaiwa fungate. Kwa hiyo ya kwanza, ya bafu.

Samwiri: Lakini wanasema unaoga kwanza, nje ya bafu, na sabuni. Ndipo unaingia.

Waziri: Kuoga kabla ya kuoga?

Samwiri: Ndiyo, ssebo, bwana wangu.

Waziri: Basi ni serikali hiyo. Kikao cha maandalizi ya kikao. Niliwaambia ni siasa!

Domina akapiga goti lake kwa kiganja. Domina akipiga goti, hata Waziri hunyamaza.

Domina: Mmechezea muda. Mke wake amekaa miaka miwili na nusu anakula kwa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, chumvi foleni. Mnampeleka kwenye pipa la maji? Achague ya pili. Sahani kumi na nne. Mimi napika hospitali, najua, mgonjwa wa muda mrefu humjazii sahani moja kubwa, anaiogopa, analia. Unampa kidogo kidogo, kwenye vyombo vidogo. Wajapani wamejua.

Samwiri akachukua kalamu.

Waziri: Ngoja! Siku ngapi umeandika?

Samwiri: Siku tatu.

Waziri: Futa! "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Siku ya tatu watakupa jembe, Bwana Harusi! Unaona bustani hii jinsi ilivyo safi? Unadhani nani anailima? Wageni wa siku ya tatu!

Breki: Wallahi picha hii yupo mmoja kainama.

Mimi: Huyo si mgeni, huyo ni mtunza bustani.

Breki: Alianza kama mgeni!

Tulicheka mpaka Mswedi mmoja na mbwa wake wakabadili njia. Saa saba na nusu. Bibi wa ofisi ya safari alionekana ng'ambo akikunja mabango. Na Samwiri alikuwa amekaribia kuandika jina la nyumba ya pili, nakumbuka vizuri, herufi mbili zilikuwa tayari zimeingia, alipofika yule binti.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba!

Domina: Huyu ni Winifrida, niliwaambieni. Ana wiki mbili tu hapa, amekuja kusomea ukunga. Kaa, mwanangu. Mpeni kahawa.

Nikammiminia. Chupa ilikuwa nyepesi, nikamminyia ile ya chini yenye machicha. Domina akamweleza habari yote, toka dirisha la nyuma mpaka sahani kumi na nne. Winifrida akasikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yamemjaa furaha. Akasema mke wa mzee ni mkunga kama yeye, basi ni dada yake. Angeweza kuiona barua? Samwiri akaitoa mfukoni, mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Binti hakujua Kiganda. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

Winifrida: Samahani, wakubwa zangu. Mwezi wa nne wa mwaka gani?

Waziri: Wa mwaka gani vipi?

Winifrida: Haina tarehe. Sisi tunafundishwa kumwuliza mama tarehe kwanza, kabla hata hujamgusa. Nimezoea vibaya. Iliandikwa lini?

Hapa sina budi kusema. Ile sheria ya barua tuliitunga sisi. Kwenye benchi hili, majira ya baridi ya sabini na tatu, Waziri akiwa mwenyekiti. Kule barua zinafunguliwa, akasema, kwa hiyo mwambie mkeo: asiandike tarehe, asiandike jina, asiandike mahali alipo. Ikikamatwa, haina mwenyewe. Na wewe bahasha ichome. Tulipiga makofi. Breki alisema hata treni haina breki nzuri kama hiyo. Na Namubiru aliitii ile sheria neno kwa neno, kama mkunga anavyotii.

Waziri: Imefika Januari.

Winifrida: Kwa posta?

Samwiri: Kiprono aliiweka posta ya hapa hapa Sweden. Mwanafunzi wa kilimo. Alikuja nayo kutoka Nairobi.

Winifrida: Na Nairobi alipewa na nani?

Samwiri: Mama mmoja, Muthoni. Mwenye nyumba yangu wa zamani. Barua zinakaa kwake mpaka apatikane mtu anakuja huku.

Winifrida: Zinakaa siku ngapi?

Breki akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama.

Waziri: Kiprono ataulizwa.

Domina: Kiprono karudi kwao Februari.

Waziri: Muthoni ataandikiwa.

Mimi: Leo? Saa nane kasoro dakika ishirini?

Waziri: Lakini mwandishi anasema mwezi wa nne, na sasa ni wa tatu. Mtu mwenye akili anaona. Ni huu unaokuja. Maua yenyewe…

Winifrida: Maua huchanua kila mwaka, mzee wangu.

Hakusema kwa ubishi. Alisema taratibu, kisha akaona nyuso zetu na akaweka kikombe chini kama aliyevunja kitu kwenye nyumba ya watu.

Ndipo Domina akauchukua ule ukurasa. Kihaya na Kiganda ni ndugu, anasoma kwa kupapasa. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama pale chini.

Domina: Samwiri. Hapa. Mama anakusalimu.

Samwiri: Ndiyo. Mama yake.

Domina: Mama yake, waitu, ndugu yetu.

Sote tulikumbuka kwa mpigo mmoja. Mwezi Novemba, kwenye benchi hili, tulikaa matanga ya mama mkwe wa Samwiri. Muthoni alileta habari kwa mdomo wa msafiri mwingine: bibi amezikwa mwezi wa nane. Domina alipika uji, Breki alitoa blanketi hili hili alilo nalo magotini. Halafu Januari ikaja barua yenye salamu za marehemu, ikasomwa kwa sauti, si mara moja, si mara kumi, na watu wazima wanne tukaitikia, "Naye tunamsalimu!" Tulikuwa tumeshaanza kuulizana kuhusu mapipa ya kuogea.

Breki: Kwa hiyo ni ya kabla ya mwezi wa nane mwaka jana.

Waziri: Inaweza kuwa ya mwezi wa saba! Mtu wa mwezi wa saba akisema mwezi wa nne, anasema wa mbele yake. Ni huu! Inaweza kuwa.

Domina: Na kama iliandikwa Januari mwaka jana?

Waziri: Nayo inaweza.

Domina: Basi alikwenda.

Nimemjua Thomas miaka saba, sijawahi kumwona akitafuta methali akaikosa. Alivua kofia akaishika mapajani. Kipara chake kilikuwa kinatoa mvuke.

Nilimwona Namubiru. Sijawahi kumwona, lakini nilimwona: amekaa ndani ya mji wenye maua, siku kumi, kila siku anatoka darasani anauliza kwa ishara kama kuna mtu amefika. Wenzake wanampigia picha. Siku ya kumi anapanda ndege na kurudi kwenye mlango ule ule aliowafungulia askari. Nikajua kila mmoja pale anaona picha hiyo hiyo, ila kila mmoja anaogopa kuisema isije ikawa kweli.

Breki: Umelalaje leo, ndugu yangu?

Saa saba na dakika hamsini, swali la asubuhi. Hakuwa na jingine.

Samwiri: Vizuri. Nilikuwa naota maua.

Akaichukua barua kwa Domina, akaikunja mara nne, akairudisha mfuko wa ndani. Kisha akavuta kile kitabu cha picha. Akafuta zile herufi mbili za nyumba ya sahani kumi na nne. Akafunua ukurasa wa tatu, ule tulioutupa.

Domina: Unafanya nini?

Samwiri: Hii. Ya chumba cha mbele.

Mimi: Ile ya barabarani?

Samwiri: Inaona lango. Mtu akija, mimi nitakuwa nimeshamwona kabla hajagonga. Mara ile nilikuwa na dirisha la nyuma.

Hakuna aliyepiga kura. Aliandika magotini, polepole, jina la nyumba, siku tatu, mwezi wa nne. Akasimama. Waziri naye akasimama, akataka kumshika bega, mkono ukaishia hewani. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ile sheria, bwana… nilidhani…" Samwiri akamwambia, "Najua, ssebo. Yeye naye alidhani." Akavuka uwanja.

Winifrida alikuwa analia bila sauti. Domina alimwambia si kosa lake, hata sisi hatukumwuliza mtu swali hilo. Nikageuza chupa juu ya kikombe chake kumwongezea. Likatoka tone moja, la pili likaning'inia kwenye mdomo wa chupa na likakataa kudondoka.

Ng'ambo kule bibi wa ofisi alikuwa ameshazima taa ya dirishani, lakini alimfungulia. Tukawaona kupitia kioo, hatusikii kitu, kama mchezo wa bubu. Bibi anasoma fomu. Anaweka kidole mahali fulani, anainua uso, anauliza. Samwiri amesahau kujaza pale pa idadi ya wageni. Anasimama. Anatazama huku kwetu kwenye benchi, na sisi sote wanne na yule binti tunatazama chini, kila mtu viatu vyake.

Nilipoinua macho alikuwa ameinua mkono. Vidole viwili. Bibi hakumwelewa, akainamisha kichwa, akauliza tena. Kidole kimoja kikashuka kidogo, kikarudi juu. Viwili. Akauacha mkono pale pale juu, mbele ya kioo, hata baada ya bibi kuwa ameshaandika na kwenda kufunga mlango.